Kazi ya COTA katika shule za Marekani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni kwa ajili ya wazungumzaji wa Kiswahili walioko Marekani, hasa wale ambao tayari ni CNA (wasaidizi wa wauguzi) au wasaidizi wa darasani na wanaitazama kazi ya COTA, yaani msaidizi wa tiba kwa vitendo mwenye cheti, kama hatua inayofuata. Maswali ni yaleyale yanayorudi kwenye harusi, baada ya ibada na kwenye makundi ya WhatsApp. Majibu yanahusu shule za umma tu. Hospitali na nyumba za wazee zina mambo yake.

COTA anafanya nini shuleni?

Anamsaidia mtoto mwenye ulemavu au changamoto ya ukuaji kuimudu siku ya shule: kuandika, kukata kwa mkasi, kufunga koti, kufungua boksi la maziwa wakati wa chakula, kukaa kwenye kiti bila kuanguka, kuvumilia kelele za ukumbi, kupanga begi lake. Mtu akisikia neno "tiba" huwaza sindano na koti jeupe. Hapa hakuna hata kimoja. Kipimo cha kazi yako ni kama mtoto anashiriki darasani kuliko alivyokuwa akishiriki Septemba.

Kwa nini shule ilipie huduma hiyo? Si kazi ya hospitali?

Ni sheria. Mwaka 1975 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kumhakikishia kila mtoto mwenye ulemavu elimu ya umma inayomfaa, bila malipo. Tangu 1990 inaitwa IDEA, na marekebisho yake makubwa ya mwisho ni ya 2004. Inawahusu watoto wa miaka 3 hadi 21, na tiba kwa vitendo imo kwenye orodha ya huduma ambazo shule inalazimika kutoa pale mtoto anapozihitaji ili anufaike na elimu yake.

Hilo neno "elimu" ndilo linalowachanganya wengi. Mtoto anaweza kuwa na tatizo la bega ambalo daktari wa hospitali angelitibu, lakini kama halimzuii kujifunza, timu ya shule inaweza kusema halihusu shule. Wazazi hukasirika, na ninawaelewa. Ila COTA anayeingia shuleni akitokea hospitali bila kulijua hili atagombana na watu bure.

Kila mtoto anayepata huduma chini ya IDEA ana waraka unaoitwa IEP. Humo mmeandikwa malengo yake ya mwaka, huduma atakazopata na dakika zake. Unapitiwa angalau mara moja kwa mwaka, na mtoto hupimwa upya angalau kila baada ya miaka mitatu, isipokuwa mzazi na shule wakubaliane kwamba hakuna haja. Ikiandikwa dakika 30 kwa wiki, ni dakika 30. Si "tukipata nafasi".

Kuna tofauti gani kati ya COTA na OT?

OT, yaani mtaalamu wa tiba kwa vitendo, ndiye anayempima mtoto, anayetafsiri matokeo na kuandika mpango wa tiba. COTA anautekeleza huo mpango, anarekodi maendeleo, na anamletea OT taarifa za kinachofanya kazi na kisichofanya. Unaweza kuchangia kwenye upimaji, kwa mfano kumtazama mtoto darasani au kusimamia kipengele fulani ambacho OT amehakikisha unakiweza, lakini hitimisho si lako. Kila jimbo lina kanuni zake za usimamizi: mara ngapi mkutane, nani atie sahihi wapi.

Kwa maandishi mpaka huo uko wazi. Kwenye korido haueleweki sana. Mwalimu atakushika mkono akuulize, "Huyu naye unaonaje, anahitaji OT?" Jibu lako ni kwamba utamfikishia OT. Usiseme "ndiyo anahitaji", hata kama macho yako yanakuambia hivyo, kwa sababu mwalimu atampigia mzazi mchana huohuo na sentensi yako itageuka ahadi ya shule.

Usimamizi ukiwa mzuri, mnaongea kila wiki na OT anakuja kuwaona watoto. Ukiwa mbaya, OT yuko shule sita mbali na mnaonana kwa barua pepe tu. Uliza jambo hili kwenye usaili kabla hujauliza mshahara.

Siku ya kazi ikoje?

Unaendesha gari. Hilo watu hawaambiwi. COTA wengi wana shule mbili, tatu au zaidi, na buti la gari ndilo ofisi: mikasi, vibanio vya nguo, plastisini, karatasi zenye mistari iliyoinuka, dawa ya kufutia vifaa. Ukibahatika unapewa chumba. Usipobahatika unafanyia kazi kwenye meza ya maktaba, stoo ya vitabu au mwisho wa korido huku darasa zima likipita kwenda chooni.

Watoto wengine unawatoa darasani, wengine unakaa nao humohumo. Mimi napendelea humohumo inapowezekana. Mtoto aliyejifunza kuandika vizuri kwenye chumba kimya na mtu mzima mmoja pembeni hajajifunza bado kuandika akiwa na wenzake 24. Walimu wengine hawapendi mtu wa pili darasani mwao, na heshima ndogondogo zinasaidia sana: unabisha hodi, unajua ratiba yao, huji wakati wa mtihani wa tahajia.

Orodha ya watoto 40 au 50 si jambo la ajabu. Katikati ya siku kuna mazoezi ya dharura ya moto, mtoto ambaye hayupo, safari ya kwenda makumbusho ambayo hakuna aliyekuambia, na kipindi cha kufidia cha wiki iliyopita. Jioni kuna maandishi: ulifanya nini, mtoto aliweza mara ngapi kati ya ngapi, kwa msaada wa kiasi gani. Katika wilaya nyingi za shule maandishi hayo pia ndiyo yanayotumika kudai fedha Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, jambo ambalo sheria imeruhusu tangu 1988. Kwa hiyo dakika ulizoandika lazima ziwe ni zile ulizofanya kweli. Kuongeza dakika ni udanganyifu, na leseni inaweza kuondoka nayo.

Mbona nikiwaona mnacheza tu?

Chukua zipu ya koti. Mtoto wa chekechea, jimbo la baridi, Januari. Darasa zima linatoka kwenda kucheza na yeye amebaki akisubiri mtu mzima amfungie. Ukimwambia "jaribu", atajaribu, atashindwa, atalia. Basi unaanzia mwisho: wewe unaingiza pini kwenye kichwa cha zipu, unavuta hadi kifuani, yeye anamalizia sentimita chache hadi kidevuni. Amefunga koti lake mwenyewe. Baada ya siku kadhaa unaishia tumboni, yeye anavuta kutoka hapo. Kisha unamwachia yote isipokuwa kuingiza pini, ambako ndiko kugumu, kwa sababu kunataka mkono mmoja ushikilie chini huku mwingine ukisukuma. Unaweza kufunga kipete cha funguo kwenye kichwa cha zipu ili kidole kipate pa kushika. Anayepita atasema mnacheza na koti.

Au krayoni. Ukimpa mtoto krayoni ndefu ataishika kwa ngumi. Ivunje, mpe kipande chenye urefu wa nusu kidole. Ngumi haina nafasi tena; vidole vitatu vinakuja vyenyewe. Vibanio vya nguo vinaimarisha vidole hivyohivyo. Faili nene la pete likilazwa kwa ubavu linakuwa meza ya mteremko, na kiganja kinakaa vizuri zaidi juu yake. Na kabla ya yote hayo, tazama miguu. Mtoto ambaye nyayo zake zinaning'inia atatumia nguvu zake zote kutoanguka, na ataandika kwa zilizobaki. Boksi la karatasi chini ya miguu limewahi kunifanyia kazi kuliko vifaa vya dola mia.

Nisome nini, na kwa muda gani?

Unahitaji shahada ya miaka miwili ya OTA (msaidizi wa tiba kwa vitendo; ukipata cheti ndipo unaitwa COTA) kutoka chuo ambacho programu yake imeidhinishwa na ACOTE, baraza linaloidhinisha mafunzo ya fani hii. Vingi ni vyuo vya jamii. Kuna pia programu chache za shahada ya kwanza. Kabla ya kuingia, vyuo vingi vinadai anatomia na fiziolojia, saikolojia na uandishi wa Kiingereza, na vingine vinataka saa za kumfuata mtu kazini. Ukiyahesabu hayo, miaka miwili inakuwa mitatu kwa watu wengi wanaofanya kazi huku wakisoma.

Mwishoni kuna wiki 16 za mafunzo ya vitendo kwa saa za kazi kamili, na kwa kawaida hulipwi. Hapa ndipo wenzetu wengi hukwama. Masomo wanayamudu, lakini huwezi kufanya zamu za usiku za CNA na kuwa shuleni saa moja na nusu asubuhi kwa wiki nane mfululizo, mara mbili. Anza kuweka akiba tangu muhula wa kwanza. Omba pia kituo kimoja kiwe shule, maana wakuu wa idara huajiri watu waliowaona kwa macho yao.

Baada ya kuhitimu unafanya mtihani wa NBCOT, bodi ya taifa inayotoa cheti, wa saa nne, na alama ya kufaulu ni 450 kwenye mizani ya 300 hadi 600. Kisha unaomba leseni ya jimbo. Kuna alama za vidole na uchunguzi wa historia yako. Mwenye kesi ya jinai ya zamani aiulize NBCOT mapema, kabla hajalipa ada ya chuo.

Nina diploma ya tiba kwa vitendo kutoka KMTC (Kenya) au Moshi (Tanzania). Itatambuliwa?

Si moja kwa moja, na hili linawauma watu wenye uzoefu wa miaka mingi. NBCOT ina utaratibu wa kupima elimu ya OT waliosomea nje, lakini kiwango cha kuingilia uOT Marekani leo ni shahada ya uzamili, kwa hiyo diploma ya miaka mitatu haifiki. Na mtihani wa COTA ni kwa waliohitimu programu ya ACOTE. Hakuna mlango wa pembeni kwa waliosomea nchi nyingine.

Unachoweza kuokoa ni masomo ya msingi. Peleka cheti na matokeo yako kwa wakala wa kutathmini vyeti vya nje, kisha zungumza na msajili wa chuo uone kama anatomia na saikolojia zitahesabiwa. Darasani utakuwa mbele ya wenzako kwa mbali, hilo sina shaka nalo.

Lafudhi yangu itanizuia?

Hapana. Kuandika ripoti kwa Kiingereza dhaifu ndiko kutakusumbua, kwa sababu ripoti inasomwa na mzazi, mwalimu, msimamizi na, mambo yakiharibika, wakili.

Mshahara je?

Kwa takwimu za serikali za Mei 2023, nusu ya OTA wote nchini walipata zaidi ya dola 67,010 kwa mwaka. Hiyo ni kazi yote kwa jumla. Shule ziko chini kwenye orodha hiyo, na nyumba za wauguzi ziko juu. Anayetafuta fedha tu asije shuleni. Unachopata badala yake ni ratiba ya watoto wako mwenyewe, likizo za shule, na mara nyingi bima na pensheni ya wilaya.

Chungulia tofauti kati ya kuajiriwa na wilaya na kuajiriwa na wakala. Wakala anaweza kutaja kiwango cha saa kinachokuvutia, lakini uliza: siku ya theluji nalipwa? Mtoto asipokuja nalipwa? Muda wa kuendesha kati ya shule? Kiangazi? Na kama una mkopo wa serikali wa masomo, mpango wa kusamehewa baada ya malipo 120 ni kwa walioajiriwa na taasisi za umma au zisizo za faida. Ukiwa ndani ya jengo la shule ya umma lakini hundi yako inatoka kwa kampuni ya biashara, kwa kawaida huhesabiwi. Kuna watu wamegundua hili wakiwa wamechelewa.

Kiswahili kitanisaidia kazini?

Sana, na kitakuletea kazi ambayo si yako. Kwenye miji yenye familia nyingi za Wakongo, Lexington na Louisville huko Kentucky kwa mfano, utaitwa kila mtoto anapokuja na mama asiyeongea Kiingereza. Mkutano wa IEP unahitaji mkalimani, na shule ndiyo inayopaswa kumpanga. Sheria inasema wazi kwamba mzazi lazima aelewe kinachoendelea. Huwezi kuwa mkalimani na mtoa huduma kwenye kikao kimoja. Ukitafsiri maneno ya mwalimu mkuu, nani atasema ya kwako? Kataa kwa adabu, omba mkalimani wa wilaya. Baada ya kikao msalimie mama, mpe pole ya safari, mweleze zipu inaendeleaje. Na kaka yake mtoto wa darasa la sita asitafsiri kamwe.

Mahali ambapo lugha yako na malezi yako ni dhahabu ni kwenye yale ambayo wenzako hawayaoni. Ripoti inasema mtoto wa miaka sita "hawezi kutumia uma". Nyumbani wanakula ugali kwa mkono, na anaumega, anaufinyanga na kuchovya mboga kwa vidole bila kudondosha. Hiyo ni stadi ya vidole ambayo OT angefurahi kuijua. Mtoto mwingine anabadilisha penseli mkono hadi mkono. Uliza taratibu kama nyumbani amekuwa akikatazwa kushoto. Kama ni wa kushoto kweli, mpe mkasi wa kushoto na uinamishe karatasi yake upande wa kulia, nusu ya "tatizo" litaisha.

Mwingine ametoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu akiwa na miaka tisa na hajawahi kukaa na penseli muda mrefu. Hajazoea, na kutozoea si ulemavu. IDEA yenyewe inakataza kumhesabu mtoto kuwa na ulemavu ikiwa sababu kuu ni kukosa mafundisho ya kusoma au hesabu, au kutojua Kiingereza vizuri. Si kazi yako kuamua, lakini ni kazi yako kumwambia OT ulichokiona, kwa maandishi.

Wazazi wetu wakisikia "elimu maalumu" wanaogopa. Niwaambieje?

Kwanza, usiwalaumu. Wengi wanakotoka, mtoto akipelekwa "kule" harudi kwenye darasa la wenzake, na majirani wanaanza kuuliza ukoo una nini. Waeleze kwamba mtoto hapelekwi popote. Mara nyingi anabaki darasani mwake na wewe ndiye unayekwenda. Waeleze kwamba bila sahihi yao shule haiwezi kuanza kumpima wala kuanza kumpa huduma. Mzazi akijua ana mamlaka ya kukataa, mabega yanashuka, na hapo anaanza kuuliza maswali ya maana.

Usitangulize majina ya magonjwa. Anza na kile mama anachokiona mwenyewe: "Mama Furaha, nyumbani viatu anavaa mwenyewe?" Mazungumzo yote yatapita hapo. Na akikuuliza kama maombi yatasaidia, usibishane naye. Mwambie aombe, na kila asubuhi amwachie mtoto avute zipu sehemu ya mwisho.

Jambo la mwisho kwenye hili: mji wetu ni mdogo. Utakutana na mama huyohuyo sokoni na kanisani, na rafiki yake atakuuliza mtoto ana nini. Sheria ya faragha ya shule haina likizo ya Jumapili.

Nianzie wapi kama bado sina uhakika?

Omba kazi ya msaidizi wa darasani kwenye wilaya yako. Kwa kawaida cheti cha sekondari kinatosha, ingawa shule zinazoendesha programu ya Title I, yaani fedha za serikali kuu kwa shule zenye watoto wengi wa kipato kidogo, hudai miaka miwili ya chuo au kufaulu mtihani. Mshahara ni mdogo. Lakini ndani ya mwaka mmoja utajua kama unaweza kukaa sakafuni na mtoto anayepiga kelele huku wewe umetulia, jambo ambalo hakuna chuo kinachoweza kukufundisha. Wilaya nyingine huchangia karo za wafanyakazi wao. Uliza ofisi ya rasilimali watu.

Nikihamia jimbo jingine?

Unaomba leseni mpya ya jimbo hilo. Cheti chako cha NBCOT kinakufuata popote, mradi ukihuishe kila baada ya miaka mitatu kwa pointi 36 za mafunzo endelevu. Zaidi ya majimbo 30 yamejiunga na mkataba wa kutambuana leseni, hivyo angalia jimbo lako limefikia wapi katika kuutekeleza kabla hujalipa ada mara mbili.

Na baadaye nikitaka kuwa OT kamili?

Inawezekana. Kuna programu za kuvusha (bridge) kutoka OTA kwenda uzamili, nyingine zikiwa na masomo ya wikendi ili uendelee na kazi. Hesabu gharama kabla ya kujaza fomu: OT wa shule mara nyingi huwekwa kwenye ngazi ya mishahara ya walimu, na wilaya huichapisha ngazi hiyo kwenye tovuti yake. Ifungue, tafuta mstari wa uzamili na miaka yako ya kazi, linganisha na unacholipwa sasa, kisha weka pembeni mkopo utakaouchukua. Kwa baadhi ya COTA wenye uzoefu mrefu tofauti ni ndogo kiasi kwamba wameamua kubaki walipo. Wengine wameenda kwa sababu wamechoka kumwambia mwalimu, "Ngoja nimuulize OT."